Mkono Wenye Nyasi

Resiato alikata shuke moja la nyasi za mkia wa mbweha, akalisugua kati ya viganja mpaka manyoya yakatoka, akabaki na punje ndogo kama kiroboto. Akaing'ata kwa meno ya mbele. Ikapasuka na kutoa maji meupe kama maziwa.

"Bado," alijiambia, akatema.

Akasogea kidogo, akakata shuke jingine, akang'ata. Bado. Jana zilikuwa bado, na juzi pia. Alijua kwamba kuzing'ata hakuziivishi, lakini mikono ilikataa kutulia. Kila alipogeuka aliona vumbi upande wa magharibi, na kila vumbi aliliona kuwa ni kundi la ng'ombe linakuja.

Safari hii kundi lilikuwa limeshapita. Alipofika pembe ya chini ya alalili, malisho yaliyofungwa ambayo boma zote za bonde zilikubaliana yasiguswe na mdomo wa mnyama mpaka mbegu zidondoke, alikuta kinyesi cha ng'ombe kingali kibichi, nzi wamekivamia. Nyasi zilikuwa zimeliwa hadi mashinani, eneo la kutosha uwanja wa mpira. Na katika pengo la uzio wa miiba, korongo alikuwa amechuchumaa.

Korongo huyu hakuwa ndege. Watu wa nyika waliuita mtambo ule hivyo kwa sababu ya miguu yake, mirefu na myembamba, iliyoweza kupita kati ya shina na shina bila kuvunja jani. Juu ya miguu palikuwa na kiwiliwili kidogo mfano wa debe, jicho moja, na mkono mmoja ulioshika fimbo ya umeme. Ng'ombe aliyeguswa na fimbo ile hakujaribu tena. Mwizi naye vilevile.

Korongo huyu hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa amekunja miguu, ameteremsha fimbo, ametulia tuli kama mtu aliyeambiwa apumzike.

"Umepatwa na nini wewe?" Resiato alimuuliza, ingawa alijua korongo hawajibu. Akafungua kishikwambi chake, akakiunganisha, akatazama kile jicho lilichoona alfajiri ile.

Aliona mwanamke aliyejitanda shuka lililopauka. Nyuma yake walisimama ng'ombe waliotokeza mbavu, mmoja akiyumba. Mwanamke aliinama nje ya uzio, akang'oa kishada cha nyasi, akainua mkono juu ya kichwa. Korongo alimtazama, kisha akachuchumaa. Mwanamke alisubiri kidogo, akageuza shingo huku na huku, halafu akapita, na ng'ombe wakamfuata.

Resiato alirudia kutazama mara ya pili na ya tatu, akitafuta kosa. Hakuliona. Korongo alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye mwenyewe.

*

"Shemeji, ungekuwa mwalimu wa shule ningemhamisha mtoto wangu," alisema Koriata.

Koriata alikuwa mdogo wa mume wa Resiato, na ndiye aliyeongoza kamati ya alalili. Kaka yake alifanya kazi ziwani kwenye machimbo ya magadi na alirudi nyumbani kwa nadra, kwa hiyo utani wote wa shemeji alibaki nao Koriata. Leo hakuwa akitania. Alizunguka sehemu iliyoliwa akiigusa kwa ncha ya fimbo yake, kama mtu anayepapasa kidonda.

"Unajua wakija tena tutabaki na nini?"

"Najua."

"Sema basi tujue kwamba unajua."

"Hatutapata mbegu," Resiato alisema taratibu. "Na bila mbegu, msimu ujao hakuna kitu."

Hakuhitaji kumweleza zaidi. Wote wawili walikuwa vijana wakati nyasi za maabara zilipoletwa, zikaota haraka na kufunika bonde lote kijani cha kupendeza, na watu wakang'oa nyasi za asili ili kuzipisha. Nyasi zile hazikuzaa. Kila msimu zililetwa upya. Kisha mwaka mmoja ukaingia ugonjwa wa kutu nyekundu, na kwa kuwa zote zilikuwa mmea mmoja uliorudiwa, zilikufa zote pamoja, kutoka mlimani hadi ziwani. Kilichosalia ni mikia ya mbweha michache iliyojificha kwenye nyufa za kingo za mto mkavu, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kuing'oa.

Kutoka kwenye nyufa zile Resiato aliokota mbegu kwa vidole. Mara ya kwanza alizifukia ndani kabisa ya udongo kama mahindi, na hapakutokeza kitu. Mara ya pili alizipanda zikiwa mbichi, na zikaoza. Baada ya hapo alianza kuzisikiliza. Akaziweka kwenye kibuyu kiangazi kizima zikomae humo. Akachimba mashimo mapana ya umbo la nusu mwezi, migongo ikielekea bondeni, ili maji yanayoteremka yanaswe. Akachanganya mbegu na mchanga, maana zina manyoya na upepo huzichukua, akazinyunyiza juu juu tu, kisha akaomba mbuzi wapitishwe mara moja ili kwato zao nyepesi zizikandamize. Mvua ndogo ilitosha. Sasa zilimfikia kiunoni, na mizizi yake ilikuwa imeukamata udongo hata upepo wa vumbi uliacha kupuliza upande ule.

"Kamati imekaa," Koriata alisema. "Hilo somo la nyasi liondolewe. Leo. Mtu akija, apigwe fimbo, awe ameshika nyasi, awe ameshika Kurani, awe ameshika mtoto."

"Umesema wewe hayo, au kamati?"

Koriata alitazama pembeni. "Kamati."

"Mlikuja kwangu wenyewe," Resiato alisema, bila kupandisha sauti. "Korongo waliposhushwa hapa mlikaa chini mkakataa. Mkasema kitu chenye fimbo kisichojua maana ya nyasi hakitalala kwenye ardhi hii."

Hilo lilikuwa kweli, na Koriata alikuwa wa kwanza kulisema siku ile. Katika nyika hiyo, aliyeinua nyasi mkononi hapigwi. Mtoto anayechapwa akiwahi kung'oa kishada, fimbo ya baba inaanguka. Vijana wanaopigana wakiona nyasi zimeinuliwa, wanaachana. Kwa hiyo Resiato, aliyejifunza mitambo kwa kufungua iliyokufa na kuifunga tena, alimaliza kiangazi kizima akiinua nyasi mbele ya jicho la korongo: mkono wa kulia, wa kushoto, wa mzee, wa mtoto, wenye vumbi, wenye damu, mpaka mtambo ukaelewa.

"Ondoa kwa huyu mmoja tu," Koriata alisema.

"Hayupo mmoja. Wana akili moja wote. Anachojifunza huyu, wa visimani anakijua kabla chai haijapoa, na wa darajani, na wa mpakani. Nikimtenga nusu siku, sawa. Zaidi ya hapo anasahau kila kitu, hata uzio hataujua. Unakumbuka kisima cha Enkare?"

Koriata alikumbuka. Vijana wa pande mbili walishikana kisimani na mapanga, mmoja akainua nyasi, na korongo wote wa pale wakateremsha fimbo. Vijana walipoona hata mitambo imekaa, wakaona aibu.

"Nikilifuta hapa, nimelifuta na kule," Resiato alisema.

"Na usipolifuta, ng'ombe wa watu tusiowajua watakula kesho ya watoto wetu." Koriata alishusha pumzi. "Mimi sijui lipi ni baya zaidi, shemeji. Kweli sijui. Lakini jua likizama bila jibu, wataita fundi wa mjini, na yule hatafuta hilo somo peke yake. Atawasafisha akili yote."

*

Nyuma ya nyumba yake Resiato alikuwa na korongo mzee mwenye mguu uliopinda, ambaye alimwita Kiguru. Kila somo jipya alianza kulijaribu kwa huyo, akiwa ametengwa na wenzake.

Alipunguza nguvu ya fimbo mpaka chini. Akafuta somo la nyasi. Akakaa kidogo akikitazama kishikwambi, kisha akanyanyuka, akakaa tena, akanywa maji ambayo hakuyataka. Hakupenda kuhukumu jambo asilolijua kwa mwili wake. Aliona wanakamati wanasema "apigwe" kirahisi kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mbele ya korongo ameinua nyasi na asionekane.

Akang'oa kishada. Akasogea mpaka kwenye mstari aliouchora, ambao Kiguru alikuwa anaulinda, akainua mkono, akauvuka.

Jicho lilimgeukia. Lilimtazama yeye, likautazama mkono, na halikuona kitu mkononi. Resiato aliiona fimbo inakuja, na kwa muda mfupi kabla haijamgusa aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa tangu utotoni, kwa sababu mkono ulikuwa juu na haukusaidia.

Alianguka chali. Bega lilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito mdomoni. Kwa mbali alisikia mtu anakimbia na kutukana, na Koriata akatokea pembeni ya nyumba, fimbo yake ameishika kwa mikono miwili, anaelekea kwa Kiguru amvunjevunje. Alikuwa amerudi kufuata jibu.

Resiato alitaka kumwambia aache. Sauti haikutoka. Akafanya kile tu mkono wake ulichoweza: ukiwa bado na kile kishada, aliuinua kumwelekea Koriata.

Fimbo ya Koriata ilianguka. Hakuiweka chini, ilimtoka tu mikononi. Akachuchumaa palepale kwenye vumbi, hasira ikiwa bado usoni, akasema, "Sema."

Ulimi wa Resiato ulirudi polepole.

"Umesemaje?"

"Nimesema, sema. Una shida gani? Si umeinua nyasi?"

"Na umekaa chini."

"Ulitaka nisimame? Shemeji, umeme umekuingia kichwani."

"Nani alikufundisha kukaa na kuuliza?"

"Kufundishwa nini?" Koriata alishangaa. "Mtu ameinua nyasi, unakaa, unamwuliza. Hilo nalo linafundishwa?"

Resiato alianza kucheka, na kicheko kilimuuma begani. Hakuna aliyewahi kuwaambia korongo hilo. Kiangazi chote kile wazee kwa vijana walipita uani kwake wakainua nyasi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka nusu ya pili, kwa sababu nusu ya pili kila mmoja aliinyonya na maziwa ya mama. Nyasi hazimfungulii mtu mlango. Zinamkalisha mwenye fimbo ili asikilize. Korongo walifundishwa kukaa, hawakufundishwa kusikiliza.

"Nyanyuka," alimwambia Koriata. "Chukua fimbo yako. Uidondoshe tena."

"Magoti yangu haya?"

"Hayo hayo."

Alimdondoshesha fimbo mpaka kivuli cha nyumba kikaanza kurefuka. Somo lilikuwa jepesi kuliko alivyotegemea: ukiona nyasi, teremsha fimbo, jilaze uzibe njia badala ya kuchuchumaa tu, na umwite mtu aliye karibu. Mpaka mtu aje, usipige na usipishe. Mara ya mwisho Kiguru alijilaza kwenye mstari wake kwa madaha, na kishikwambi kikatoa mlio.

"Hata mimi sikulala vizuri hivyo," Koriata alisema, akijipangusa vumbi.

Resiato alimtenga korongo wa pengo la uzio, akamwekea somo peke yake. Nusu siku tu. Hakuwa amethubutu kuwapelekea wote, maana alitaka kwanza kuona likitendeka kwa mtu wa kweli.

*

Kishikwambi kililia jua likiwa bado juu ya vilima. Walikimbia wote wawili.

Mwanamke wa shuka lililopauka alikuwa amesimama mbele ya korongo aliyelala, mkono bado juu, amechoka kiasi kwamba aliushikiza kwa mkono wa pili. Ng'ombe walisukumana nyuma yake wakinusa harufu ya majani. Alipowaona watu wanakimbia alirudi nyuma hatua moja, lakini hakuushusha mkono.

Resiato alichuchumaa. Koriata alikawia, akatazama sehemu iliyoliwa, kisha akachuchumaa naye.

"Sema, mama," Resiato alisema.

"Mimi ni mama Tipape. Natoka nyuma ya vilima. Hawa ndio waliobaki. Wenye ndama hawana tena maziwa." Akawatazama mmoja mmoja. "Kumbe mna watu hapa?"

"Ulidhani hakuna?" Koriata alidakia. "Nyasi hizi zimejipanda?"

"Niliinua nyasi, baba. Alfajiri niliinua, na sasa nimeinua. Alfajiri hilo lidude likachuchumaa, nikangoja mtu aje aniulize, hakuja. Nani amewahi kuinua nyasi asiulizwe? Nikajua nimeruhusiwa." Sauti yake ilipanda. "Mimi si mwizi. Mwizi anajificha. Mimi nimesimama hapa mchana kweupe na mkono juu!"

Resiato aliinuka, akakata shuke, akaling'ata mbele ya yule mwanamke, akamwonyesha majimaji kwenye ncha ya kidole. "Tazama. Bado maziwa. Ng'ombe wako wakila wiki hii, watashiba wiki hii. Halafu hizi hazitarudi, na hakuna nyingine. Sina pengine pa kuokota mbegu."

"Kwa hiyo unasemaje?"

Hapo ndipo Resiato alipouhisi uzito wa kitu alichokitengeneza. Mtambo ungepiga au ungepisha, na asubuhi angekuta matokeo tu. Sasa ilimbidi aseme yeye, kwa mdomo wake, huku ng'ombe anayeyumba anamtazama.

"Nimekusikia," alisema. "Na humu hawataingia."

Mama Tipape alishusha mkono. Kile kishada kilimwangukia miguuni. Hakulia, aligeuka tu kuanza kuwakusanya ng'ombe wake, kama mtu ambaye jibu hilo ameshalizoea.

"Subiri," Resiato alisema. "Paa la nyumba yangu limeezekwa kwa nyasi hizi hizi, zile zilizong'olewa bondeni zamani. Ni kavu, lakini ni nyingi."

"Nyasi za paa zina masizi. Ng'ombe hawazigusi."

"Tunazikung'uta, tunazikatakata, tunaziloweka kwenye maji ya magadi. Zinalainika. Nina gunia la magadi, mume wangu hutuma. Hawatanenepa. Lakini watasimama."

"Shemeji," Koriata alisema kwa sauti ya chini, "na mvua ikija?"

"Ikija tutalowa. Na tutafurahi, sivyo?"

Koriata alikuna kichwa. Alitazama ng'ombe, akamtazama mama Tipape ambaye bado hakuamini. "Basi na la kwangu," alisema hatimaye. "Upande mmoja. Mke wangu akiniuliza, nitasema ni wewe."

*

Walikuwa wamefungua nusu ya paa, ng'ombe wakitafuna kwa mashaka kwenye beseni za kwanza, Resiato aliposhuka ngazi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Anga lilionekana kupitia fito za nyumba yake. Alijifuta mikono, akachukua kishikwambi.

"Unawapelekea wote?" Koriata aliuliza kutoka juu.

"Nusu siku inaisha. Ama niwapelekee wote, ama huyu asahau."

"Kamati haijakaa."

"Najua."

"Na huko kwingine watu hawajaomba kuitwa. Wa visimani, wa mpakani. Wewe utawaita kila mara mtu akiinua mkono. Wengine watazima vifaa vyao."

"Kila wito unafika kwangu pia, na wakikataa naitika mimi. Nimeuweka hivyo."

Koriata aliacha kuvuta nyasi. "Kwako peke yako?"

Resiato alifikiri juu ya mama Tipape, amesimama alfajiri ile mbele ya korongo aliyechuchumaa, akigeuza shingo huku na huku kumtafuta mtu. Resiato alikuwa ameiona shingo ile ikigeuka, mara tatu, na hakuelewa ilichokuwa inatafuta.

Akabonyeza.

Kwa muda hapakuwa na kitu ila sauti ya ng'ombe wakitafuna. Ramani ya nyika ilikuwa wazi kiganjani mwake, nyeusi tupu. Kisha nuru ndogo iliwaka upande wa kisima cha Enkare, na kishikwambi kikalia. Akanyoosha mkono kuigusa, na nyingine ikawaka darajani. Nyingine mpakani. Mbili pamoja, jirani kabisa. Mlio haukukatika tena. Ulikuwa mmoja mrefu, na nuru zikatapakaa ramani nzima hadi ziwani, kila moja mtu aliyesimama mahali na kishada mkononi, mbele ya kitu kilicholala.

"Zote hizo ni za leo?" Koriata alikuwa ameshuka bila yeye kumsikia.

"Ni za sasa hivi."

"Na kabla ya leo?"

Resiato alitikisa kichwa. Kabla ya leo hakukuwa na namna ya kujua.

Koriata alimtazama, akatoa simu yake kwenye mkunjo wa shuka. "Nipe za kusini," alisema. "Harakisha basi, shemeji, unashangaa nini?"

Alimhamishia za kusini, na yeye akaanza na kisima. Alikuwa bado hajatamka neno wakati moja ya nuru za mbali, karibu na mpaka, ilipozimika yenyewe. Vidole vyake vilibaki juu ya pale ilipokuwa. Hakujua kama aliyeinua nyasi kule alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza, au alikuwa amechoka mkono.